Fito, turubai na koni: michezo niliyoanza baada ya farasi wangu kugoma

Kwa miezi kadhaa nilimzungusha Shwari kwenye duara lilelile, mara ishirini kulia, mara ishirini kushoto, nikidhani namfanyisha mazoezi. Siku moja alisimama katikati ya mzunguko wa tano, akaligeukia geti, akagoma. Nilikasirika. Usiku ndipo nilipojiuliza mimi mwenyewe ningeivumilia kazi ile kwa siku ngapi.

Tangu hapo, siku mbili kwa wiki simpandi kabisa. Namvisha hatamu isiyo na lijamu, kile chuma cha mdomoni, nashika kamba ya mita tatu na ushee, tunacheza. Glavu navaa, viatu vigumu navaa, na kamba siizungushi kiganjani hata kidogo: farasi akishtuka akatimua mbio, ataondoka na vidole vyako.

Tulianza na fito moja chini, aivuke kwa kutembea. Kisha tatu, zikiachana kama sentimita 80, ikambidi aangalie anakoweka kwato. Siku hizi nazipanga kwa umbo la L, njia ya upana wa zaidi ya mita moja hivi. Anaingia kwa mbele, anatoka kinyumenyume, na utamu wote uko kwenye kona: hapo hawezi kupita kwa mazoea, sharti asogeze makalio kidogo, asimame, apime. Mwanzoni alikanyaga kila fito, nami nikamwona mzembe. Kumbe nilikuwa naendelea kumsukuma hata alipokwisha kutii. Farasi hujifunza pale unapolegeza. Akiinua tu mguu kurudi nyuma, kamba ilegee papo hapo, hata kama amepiga hatua moja tu.

Turubai lilichukua siku tatu. Nililikunja likawa jembamba, nikalikanyaga mimi kwanza. Yeye akanusa, akapuliza pua, akaruka pembeni. Sikumvuta. Farasi haoni kilicho mbele kabisa ya paji lake wala chini ya pua yake, kwa hiyo akitaka kuinama akague, mwachie kamba ainame. Siku ya tatu aliweka kwato moja, akaanza kuliparura kama mtoto aliyepata ngoma. Ukishamaliza upande mmoja, rudia ukitokea upande wa pili. Usishangae akilishangaa upya.

Koni, kama zile za barabarani, aliielewa upesi mno: gusa kwa pua, pata kipande cha karoti. Tatizo likawa mifuko yangu, alianza kuipekua. Sasa nampa tu akiwa ametazama mbele, na mkono wangu ndio unaomfuata. Kuhusu mpira mkubwa ambao kila mtu anausifu, sina la kusema. Wangu anauchukia, nimeuweka stoo.

Dakika 15 zinatosha, na mara nyingi nakomea 10. Nayatazama masikio: yakinigeukia, yuko nami. Yakilala nyuma na mkia ukaanza kuchapa huku hakuna nzi, nampa zoezi moja rahisi analolijua, nampapasa shingo, tunafunga siku.

Juzi nilimvua hatamu, nikaanza kuokota fito. Badala ya kwenda kwenye majani, alinifuata hadi kwenye ile iliyobaki, akaivuka peke yake, kisha akageuka kuangalia mfuko wangu.