Naam, tunalipa ndipo tuingie dukani

Nduguzanguni, salaam aleikum. Tangu ile picha ya troli yangu iliyofurika vitu ifike kwenye grupu la familia, maswali hayaishi. Ami ameuliza kama nimefungua duka. Binamu yangu wa Kisauni naye hakupepesa macho: "Mtu anayelipa ili aruhusiwe kununua, huyo kapungukiwa." Haya, nijibu.

Kulipa tunalipa. Duka lenyewe ni Costco, na lina mshindani wake, Sam's Club, lililo chini ya Walmart. Kadi ya kawaida ya uanachama wa Costco hapa Marekani ni dola 65 kwa mwaka, yaani shilingi elfu nane na ushei za Kenya. Ina picha yako, kwa hivyo hakuna kuazimana. Sehemu kubwa ya faida yao inatoka kwenye hizo ada. Bidhaa wanaiongezea kidogo tu juu ya bei waliyonunulia, haizidi asilimia 15 hivi. Mwenye familia na gari huirudisha ada yake kwa mchele, nepi na petroli ya kwenye pampu zao kabla mwaka haujaisha.

Urembo humo ndani hamna. Ni godauni: sakafu ya saruji, vitu vimepangwa juu ya paleti mpaka karibu na dari. Mchele kilo 11 hivi, mayai 60 kwa mpigo. Mifuko hawatoi, unajitafutia boksi tupu. Ukishalipa, mlangoni yuko mtu na kalamu: anachukua risiti, anaitupia troli jicho, anapiga mstari, ndipo utoke. Wageni huudhika wakidhani wameshukiwa wizi, kumbe kila mtu hupigiwa mstari, hata babu wa kizungu na mkongojo wake. Kuku mzima wa kuchoma ni dola 4.99. Sisi tunampita, hana alama ya halali.

Sasa ile troli. Jamani, ule si utajiri. Ni chakula cha nyumba mbili. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kisomali, hana kadi wala gari. Pesa tunachanga, kisha tunaketi kwenye sakafu ya jiko langu tukipimiana mchele kwa kikombe, kimoja chake kimoja changu, na mafuta tunamimina kwenye chupa tupu za maziwa. Sehemu hiyo sikuipiga picha.

Bei ya chini ya duka lile inataka uwe na gari, kwa kuwa maduka yenyewe mengi yako pembeni ya mji. Inataka friza, inataka mahali pa kuweka, na inataka pesa zote mkononi siku moja. Anayelipwa kwa wiki na kuishi chumba kimoja hununua mfuko mdogo kwenye duka la mtaani, na kwa kila kilo analipa zaidi. Binamu, hilo mbona unalijua? Mwenye nazo huenda soko la Kongowea alfajiri akabeba gunia la vitunguu. Asiyekuwa nazo hupimiwa mafuta ya kadogo kila jioni, na kwa lita ndiye anayelipa ghali.

Wanaoniagiza vitamini, chupa mbili tatu nitaleta. Shampuu za lita, la: begi mwisho kilo 23, na yangu imeshajaa maombi yenu.

Na mwanangu unayekuja Januari kusoma, usiharakishe kukata kadi. Mtu mmoja kwenye bweni, na friji mnagawana, mboga itakuozea kabla hujafika nusu. Ukishaikata ukaona haikufai, ada wanakurudishia yote, hapo sina la kuwalaumu. Ila bora uje nami kwanza, naruhusiwa kuingia na wageni wawili. Kwenye kaunta anayelipa ni mwenye kadi tu, kwa hivyo pesa yangu utanipa garini, kabla hatujaondoka.