Swali na Jibu: Lenzi moja ya kila kitu, niiuze?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nina kamera ya SLR, zile za kubadilisha lenzi, ile ya sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachonasa picha), na lenzi moja tu ya kuvuta, ya milimita 18-200, ambayo sijawahi hata kuitoa tangu niinunue. Nje mchana picha safi kabisa. Ila juzi nilikuwa kwenye sherehe ya mdogo wangu usiku ukumbini, nikakaa nyuma nikavuta mpaka mwisho, picha karibu zote zimetoka zimetikisika. Rafiki yangu anayepiga picha za kulipwa akacheka, akasema hiyo lenzi ya wavivu, uza. Kweli niiuze?

JIBU: Usiuze kitu bwana. Rafiki yako kapatia nusu, hiyo nusu nitaifikia.

Kwanza geuza kamera uangalie lenzi kwa mbele, kwenye ile duara inayozunguka kioo. Pameandikwa 1:3.5-5.6, si ndio? Watu wengi wanaziona 18 na 200 basi, hizi nyingine hawana habari nazo, kumbe kesi yote iko hapo. Ukiwa kwenye 18 tundu la lenzi linafunguka mpaka f/3.5, ukivuta hadi 200 mwisho wake ni f/5.6 (namba ya f ikipanda tundu linakuwa dogo), yaani mwanga unaofika kwenye sensa unabaki kama asilimia 40 tu ya ule wa mwanzo. Sasa ukumbini usiku kamera ikikosa mwanga inafanyaje? Inaacha shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, wazi muda mrefu zaidi, labda 1/30 ya sekunde, na wewe uko 200 ambako hata ukipumua tu picha inaona.

Kuna hesabu ya zamani ya wapiga picha, bado inasaidia: chukua milimita ulizovuta, zidisha kwa 1.5 kwa sababu ya hiyo sensa ndogo (kwenye Canon ni 1.6), halafu spidi ya shata isiwe chini ya moja gawanya kwa hiyo namba. Kwa hiyo 200 yako inahesabika kama 300, unataka 1/300 au haraka zaidi. Utaniambia lenzi ina mfumo wa kuzuia mtikisiko, sawa, ila ule unatuliza mkono wako wewe, mtu anayecheza muziki mbele yako haumtulizi hata kidogo, yeye dawa yake ni spidi tu.

Siku nyingine panda ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, weka 3200 wala usiogope. Utapata chembechembe, lakini picha yenye chembechembe inaangalika na iliyotikisika haina dawa hata ukeshe nayo kwenye kompyuta. Halafu inuka kwenye kiti! Sogea mbele, rudisha lenzi kwenye 35 au 50, tundu litafunguka zaidi na mtikisiko utapungua kwa mkupuo mmoja. Hapo kwenye uvivu ndo rafiki yako kapatia, ila mvivu ni mpigaji, lenzi mnaionea.

Na kwa nini hawaitengenezi ikabaki na tundu kubwa mpaka 200? Piga hesabu: 200 gawanya kwa 2.8 ni kama milimita 71, hicho ndo kipenyo ambacho mwanga ungehitaji kupita. Kwa f/5.6 inatosha kama 36. Ungebeba kitu kama chupa ya chai shingoni siku nzima. Hizi lenzi ni mapatano tangu mwanzo, Tamron walivyotoa 28-200 yao mwaka 1992, Nikon wakaja na 18-200 yenye kuzuia mtikisiko mwaka 2005, mpaka hiyo 18-400 ya Tamron ya 2017, wote wanapata urefu wanalipa kwa mwanga na makali. Ndo maana ukipiga ukuta wa matofali ukiwa 18 mistari inavimba kama pipa, ukianza kuvuta inageuka inabonyea ndani. Na kule mwisho wa 200 picha inalainika kidogo, mchana funga tundu mpaka f/8 utaona tofauti, ila usipitilize ukaenda f/16 na f/22 ukidhani ndo unaongeza makali, huko yanashuka tena.

Badala ya kuuza, ongeza kalenzi kadogo ka 50 f/1.8 kasikovuta, kepesi, kanaingia mfukoni. Kakifunguka chote kanaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Ukumbini funga hako, safarini rudisha 18-200 yako. Mi mwenyewe niliwahi kujifanya mjuaji nikabeba lenzi tatu kwenye boti, upepo mkali, kila dakika nabadilisha, nilivyorudi nakuta kila picha ina doa moja lilelile juu kushoto angani. Vumbi limekaa kwenye sensa toka siku ya kwanza. Mwenzangu wa lenzi moja wala hakuwa na hilo balaa.

SWALI: Yangu ya 18-200 nikiivaa shingoni inajivuta yenyewe kwenda chini mpaka inafika mwisho. Imeshaharibika?

JIBU: Hapana, ni uzito wa vioo vya mbele tu, na ikizeeka inalegea zaidi. Angalia ubavuni, nyingi zina kakitufe ka kufunga lenzi ikiwa kwenye 18. Kama yako haina, wengine wanavalisha mpira mpana kwenye maungio, haipendezi lakini inashika.

SWALI: Nikitumia flashi ya kwenye kamera, picha inatoka na giza kama nusu mwezi chini katikati. Flashi imekufa?

JIBU: Flashi nzima, ni lenzi inaizibia. Flashi iko chini sana juu ya kamera, na hizi lenzi ni nene, ukiwa 18 kivuli chake kinaingia kwenye picha. Toa kile kikofia cha kukinga jua mbele ya lenzi kwanza, halafu vuta kidogo mpaka 28 au 35, au rudi nyuma hatua mbili tatu maana kwa karibu ndo kinazidi.

SWALI: Mi na mwenzangu tumepiga ua moja, tumesimama palepale, kamera zinafanana. Yangu 18-200 imevutwa mwisho, yake 70-300 kaiweka kwenye 200. Ua lake kubwa kuliko langu. Nimeibiwa milimita?

JIBU: Hahaha, kidogo ndiyo. Ile 200 iliyoandikwa inahesabiwa lenzi ikiwa inaangalia mbali kabisa. Ukilenga kitu cha karibu vioo vya ndani vinasogea na lenzi inapoteza urefu, na hizi za kila kitu zinapoteza zaidi, kwa karibu kabisa 200 inaweza kukupa picha kama ya 135. Lenga wote wawili mlima wa mbali mlinganishe tena, mtaona tofauti inakaribia kuisha. Kwa ua, wewe sogea tu karibu zaidi mpaka lenzi ikatae kufokasi, hapo rudi nyuma kidogo upige.