Mwanga umempelekea nani nini?

SWALI: Ninasoma shahada ya uzamili hapa Arusha na ninaandika muhtasari wa utafiti kwa Kiswahili. Nimeandika: "Mwanga unapelekea kubadilika kwa sifa za kielektroniki za nanotyubu za kaboni, ambazo pia zinadhibitiwa na uga wa umeme." Msimamizi wangu anataka "kwa uga wa umeme". Nani yuko sahihi?

JIBU: Msimamizi wako. Kudhibiti, neno tulilolipata kwa Waarabu, kunataka mtendaji, naye ni mtafiti. Uga wa umeme ni chombo chake. Mtendaji huchukua "na", chombo huchukua "kwa". Hilo limekwisha.

Ila msimamizi ameliachaje "unapelekea" lipite? Mama wa Kibosho akimwambia mwanawe, "Mpelekee bibi ndizi," mbebaji anajulikana, mzigo unajulikana, mpokeaji anajulikana. Ile -e- iliyoongezwa kwenye peleka imewekwa kwa ajili ya bibi. Bibi asipokuwepo, ndizi zinapelekwa sokoni, basi. Sasa mwanga wako umempelekea nani nini? Tena hakuna mtu Kibosho atakayesema "ndizi zimepelekea bibi kushiba". Zimemshibisha! Neno moja, na limetosha.

Kosa hili linaniuma zaidi kwenye sayansi kwa sababu linaficha chanzo. Mwanga haubadili nanotyubu, ule mrija mwembamba mno wa kaboni, kwa njia moja tu. Ukiimulika nanotyubu iliyo nusu kipitishi (inayopitisha umeme kwa kiasi tu) kwa mwanga wenye nishati ya kutosha, elektroni huvushwa pengo la nishati linalozizuia kutiririka, na mkondo wa umeme huongezeka. Ukiibandika molekuli zinazogeuka umbo zikimulikwa, ni molekuli hizo zinazobadili uga wa umeme unaoizunguka. Nanotyubu ya ukuta mmoja ina kipenyo cha nanometa 1 hivi na atomi zake zote ziko usoni, ndiyo maana badiliko dogo la uga huo huonekana kwenye mkondo. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na "unapelekea" inayafukia yote katika shimo moja, ilhali tuna huvusha, huongeza, hupunguza, huzuia, hugeuza.

Mtangazaji anayesoma "ajali imepelekea vifo" nimechoka kumsahihisha, apite. Wewe usipite. Andika: "Tulidhibiti sifa za kielektroniki za nanotyubu kwa mwanga, uliogeuza umbo la molekuli tulizozibandika, na kwa uga wa umeme wa geti, ulioongeza au kupunguza chaji ndani yake." (Geti ni ile elektrodi inayotoa uga huo.) Kama mwanga wako ulivusha elektroni badala ya kugeuza molekuli, sema hivyo.