Maswali ya wasomaji: Draya inazunguka, nguo hazikauki

Barua nyingi za msimu huu wa mvua zinahusu draya za kondensa, yaani mashine za kukaushia nguo zisizo na bomba la kutoa mvuke nje, ambazo hukusanya maji kwenye tangi. Tumechagua sita. Kabla ya kugusa chochote kinachotajwa hapa, chomoa plagi ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi.

Hamjambo mafundi. Nilinunua draya ya kilo 7 iliyokwisha tumika Ulaya, ili nguo za mtoto zisianikwe nje, maana kwetu kuna wale nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi. Inazunguka na joto lipo, lakini baada ya saa tatu jinzi bado ni mbichi, ukuta unatoka jasho, na tangi halina hata kikombe cha maji. Fundi anasema hita imekufa, ninunue mpya. Mama wa Kira.

Dada, usinunue hita. Hita ikifa, nguo huzunguka kwenye baridi. Yako inatoa joto. Angalia huo ukuta: maji yanatoka kwenye nguo vizuri, ila yanatorokea chumbani yakiwa mvuke badala ya kuishia tangini.

Draya ya kondensa ina mikondo miwili ya hewa. Wa kwanza ni wa moto na unazunguka humo humo: hupita kwenye hita, ukaingia kwenye pipa la nguo, ukabeba unyevu, ukapita kwenye chujio la mlangoni, kisha ndani ya kondensa, yaani kifaa kinachopoza mvuke uwe maji. Wa pili ni hewa ya chumba inayovutwa na feni, ikapita upande wa pili wa mapezi ya kondensa kuyapoza, ikarudi chumbani. Kinachoitenganisha ni bati jembamba la alumini. Nyuzinyuzi za nguo zikiziba upande wowote, mvuke hauwi maji, nao hutafuta mwanya wa kutokea.

Anza na chujio. Kutoa nyuzi kwa vidole hakutoshi kwa anayetumia dawa ya kulainishia nguo, kwa sababu dawa hiyo huacha utando usioonekana. Lishike chini ya bomba: maji yakipita moja kwa moja, liko sawa, yakituama juu yake, lisugue kwa mswaki laini na maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha lianike likauke kabla ya kulirudisha.

Ifuate kondensa yenyewe. Kwenye mashine nyingi iko chini, upande wa kushoto, nyuma ya kifuniko kidogo. Fungua, geuza vishikizo viwili au vitatu, uivute polepole mpaka itoke. Isimamishe bafuni, upitishe maji ya mpira kati ya mapezi, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, mpaka yatoke safi. Katika mashine iliyotumika miaka mingi, uchafu hutoka donge zima zima, la kijivu, limelowa na linanuka ukungu. Usichokoe kwa bisibisi wala brashi ya chuma: pezi likitoboka, mikondo miwili inakutana na kondensa hiyo haifai tena. Tazama pia mpira unaoizunguka. Ukipasuka, au vishikizo visipokaza, utapata jasho lile lile ukutani. Mpira wa mlango ujaribu kwa karatasi: funga mlango juu yake, uivute. Ikitoka bila kukwama, hapo mvuke unapita.

Mashine isiyo na kifuniko hicho huenda ni ya kujiosha yenyewe, au ni ya pampu ya joto. Ya pampu ya joto ina gesi ndani, hivyo kondensa yake haitolewi. Mapezi yake husafishwa pale pale kwa brashi laini, bila kulazimisha.

Ukimaliza, pima kwa jagi. Kilo 5 za nguo za pamba zilizokamuliwa na mashine ya kufulia kwa mizunguko 1000 kwa dakika hubaki na maji kama lita 3. Kondensa nzuri hukamata sehemu nne kati ya tano, yaani lita 2.4 hivi. Ukipata lita moja tu, bado kuna mahali panapovuja. Nguo zilizokamuliwa kwa mkono zina hesabu nyingine: zinaweza kubeba maji karibu sawa na uzito wake, zikamaliza umeme wa Yaka, yaani wa kulipia kabla, bure. Hata kama umezifua kwenye beseni, zizungushe kwanza kwenye mashine ya kukamulia.

Tena usiiweke stoo iliyofungwa. Joto lote linaishia chumbani, na chumba kikipita nyuzi 35 hewa ya kupozea haipozi tena. Nguo za mtoto zikitoka mbichi usizimalizie kwenye kamba ya nje, kwani nzi huyo hufuata unyevu huo huo. Zirudishe kwenye draya, au zipige pasi ya moto mpaka kwenye mishono.

Taa ya “tangi limejaa” haizimi hata nikimwaga maji yote. Mashine inagoma baada ya dakika kumi. Msomaji wa Jinja.

Kaka, kwenye mashine nyingi taa hiyo haiangalii tangi. Chini ya kondensa kuna kibeseni, na ndani yake kuna boya. Maji yakizidi, boya linapanda na kubonyeza swichi, mashine inasimama isije ikamwaga maji sakafuni. Kwa hiyo, ama pampu haipandishi maji, ama boya limenasa.

Chomoa plagi, toa kondensa, umulike kibeseni kwa tochi. Maji yakiwa yamejaa, yakaushe kwa kitambaa na uzoe ule utelezi wa nyuzi uliotanda chini; ndio unaoziba mdomo wa pampu. Sukuma boya kwa kidole: lipande, lishuke lenyewe, na usikie mlio mdogo wa swichi. Halafu chunguza mpira wa maji unaopanda tangini. Mara nyingi umekunjwa mashine iliposukumwa ukutani, na mrija mwembamba ukishakunjwa hivyo haufunguki wenyewe. Toa pia tangi usafishe kitundu ambacho maji huingilia.

Mimina nusu lita ya maji kwenye kibeseni, rudisha vyote, washa. Ukisikia pampu inavuma na maji hayapandi, bado kuna kizibo au panga lake limevunjika. Ikiwa kimya kabisa, mpe fundi aipime kama inapata umeme kabla hujanunua nyingine.

Umeme ulikatika nguo zikiwa ndani. Uliporudi, draya inazunguka lakini ni baridi tangu siku hiyo. Msomaji wa Entebbe.

Hili huwapata wengi na fundi asipouliza kuhusu umeme atakosea. Hita inapowaka, feni ndiyo inayoondoa joto lake. Umeme ukikatika vyote vinasimama pamoja, lakini hita bado ni moto sana. Joto hilo hubaki pale pale, na swichi ya usalama iliyo karibu nayo hukata ili kuzuia moto. Baadhi ya swichi hujirudisha zikipoa. Nyingine zina kidude kidogo cha kubonyeza, nyuma ya mashine au ubavuni mwa nyumba ya hita. Nyingine zikishakata hazirudi, lazima zibadilishwe.

Subiri mashine ipoe saa nzima, bonyeza kidude hicho, jaribu. Ikikata tena bila umeme kukatika, usiendelee kubonyeza: hewa imezibwa, rudi kwenye jibu la Kira. Kamwe usikubali fundi aunganishe waya kuiruka swichi hiyo. Nyumba huungua hivyo.

Swichi ikiwa nzima, pima hita kwa multimita, waya zake zikiwa zimetolewa. Ya wati 2000 hadi 2500 huonyesha kati ya omu 20 na 30. Isipoonyesha kitu, imekatika. Pima pia kati ya mguu wa hita na bati la mashine: hapo pasiwe na njia ya umeme hata kidogo.

Umeme ukikatika tena, fungua mlango mara moja, toa nguo uzitandaze. Taulo zenye mabaki ya mafuta ya kupikia au ya kukandia mwili, zikibaki rundo moja zikiwa moto, zinaweza kujiwasha zenyewe.

Mchana inakausha vizuri, jioni inachukua mara mbili ya muda. Msomaji wa Mbarara.

Pima volti kwenye soketi jioni, draya ikiwa inafanya kazi. Nguvu ya hita hushuka kwa kasi kuliko volti: hita ya volti 240 ikipata 180, hutoa asilimia 56 tu ya joto lake. Kausha mchana, au nunua stabilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, ya kVA 5. Ile ndogo ya runinga itaungua, kwa maana draya hii huvuta ampea 10 au 11. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie waya wa nyongeza mwembamba. Gusa plagi baada ya nusu saa: ikiwa ya moto, soketi imelegea na ibadilishwe.

Inasimama baada ya robo saa ikidai nguo zimekauka. Msomaji wa Fort Portal.

Ndani ya pipa, karibu na mlango, kuna vipande viwili vya chuma vinavyopima unyevu. Vimefunikwa na dawa ya kulainishia. Vifute kwa kitambaa chenye siki, kisha maji safi. Na usikaushe nguo mbili tatu peke yake. Hazivigusi vya kutosha.

Nikiwasha inavuma tu, pipa haliendi. Msomaji wa Gulu.

Fungua mlango uzungushe pipa kwa mkono, plagi ikiwa nje. Likizunguka jepesi bila kuburuta, mkanda umekatika. Likiwa na uzito wake wa kawaida, shuku kapasita ya mota, yaani kile kikopo kinachohifadhi chaji ya kuianzisha, au soksi iliyoingia kwenye feni.

Kapasita inaweza kukupiga hata plagi ikiwa nje, hivyo fundi aimalize chaji kwanza kupitia balbu ya zamani ya waya (si ya LED) ya volti 240. Nyingi ni za mikrofaradi 7 hadi 10. Ikipungua zaidi ya asilimia 10 chini ya kilichoandikwa, weka mpya ya mikrofaradi zile zile, na volti zisiwe chini ya zile za zamani.

Mkanda nao ununue kwa maandishi yaliyo mgongoni mwake, si kwa jina la mashine. Ukiona 1930 H7, urefu ni milimita 1930 na mifereji ni 7. Ukienda kuutafuta Kampala, beba ule uliokatika.