Wazee wa kanisa wananikataza kumhudumia dada aliyetengwa. Nitii?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Kanisani kwetu kuna dada aliyetengwa mwaka jana baada ya kuacha ndoa yake na kwenda kuishi na mwanamume mwingine. Mwanamume huyo naye amemwacha, na sasa dada ni mgonjwa, hana wa kumwangalia. Nimekuwa nikienda kumfulia, kumpikia na kuomba naye. Wazee wameniita, wakaniambia nikome, kwa kuwa ninavunja nidhamu ya kanisa na kuwafanya watu waone dhambi si kitu. Mmoja wao amenisomea Waebrania 13:17. Nisipoacha wataniondoa kufundisha shule ya Jumapili. Nifanye nini? Na nikihamia kanisa lingine, nitakuwa nimekosa?

JIBU: Asifiwe milele, dada yangu. Endelea kumhudumia mgonjwa. Nakujibu hivyo mapema usije ukasoma yanayofuata ukidhani nimegeuka, maana nitawatetea wazee wako kidogo.

Nidhamu ya kanisa hawakuitunga wao. Bwana mwenyewe aliiagiza katika Mathayo 18:15-17, na Paulo aliitumia Korintho, ambako mtu alikuwa akiishi na mke wa baba yake na kanisa likajivuna badala ya kuhuzunika. Paulo aliandika kwa ukali: aondolewe, msichangamane naye, hata kula naye msile (1 Wakorintho 5:11). Wazee wanaosoma maneno hayo na kuyatilia maanani si watu wabaya. Kanisa lisiloweza kumwambia mtu yeyote kwamba amekosa halijafika kwenye huruma bado, limechoka tu.

Lakini someni sura yote. Mstari wa 5 unasema lengo ni roho ya mtu huyo iokolewe. Kisha katika 2 Wakorintho 2:6-8 Paulo anazungumzia mtu aliyeadhibiwa na wengi, na anataka sasa asamehewe na kufarijiwa, asije akamezwa na huzuni kupita kiasi. Wafasiri wengi wa kale walimwona kuwa ni yule yule wa Korintho, wengine wanaona ni mwingine. Kwa swali lako haibadilishi kitu. Adhabu ina mwisho, na mtume anaogopa kanisa lisiloujua mwisho huo. Dada yenu alitengwa kwa kuishi na mwanamume ambaye hayupo naye tena. Je, kuna mzee aliyekwenda kumuuliza kama ametubu? Kama hakuna, basi linalohitaji kujadiliwa barazani ni hilo, wala si sufuria unazompelekea.

Na hata kama hajatubu? Bado. Katika 2 Wathesalonike 3:14-15 Paulo anaamuru kujitenga na mtu asiyetii, halafu anaongeza papo hapo kwamba asihesabiwe kuwa adui, bali aonywe kama ndugu. Sasa liweke hilo kando ya Warumi 12:20, ambapo hata adui akiwa na njaa analishwa, akiwa na kiu ananyweshwa. Ikiwa adui ana haki ya chakula changu, aliyetengwa ambaye hajafikia hata kuwa adui atanyimwaje? Kumzuia mtu asishiriki Meza ya Bwana ni jambo moja. Kumwacha alale kwenye shuka chafu akiwa mgonjwa ni jambo jingine kabisa, na sioni mstari unaoyaunganisha.

Tena ukiwa naye usimdanganye. Usimwambie kwamba wazee wamemwonea tu na kwamba hakukosa. Kuomba naye bila kugusa jambo hilo milele kutakuwa nako ni kumwacha peke yake.

Nije kwenye Waebrania 13:17. Ndiyo, imeandikwa kuwatii viongozi, na sababu imetolewa: wanakesha kwa ajili ya roho zetu, nao watatoa hesabu. Utii huo una eneo lake. Kufundisha shule ya Jumapili ni kazi waliyokukabidhi wao, na wanaweza kuichukua. Wakiichukua, iache bila kununa: kabidhi vitabu, waage watoto vizuri, wala usiwaeleze wazazi upande wako wa habari. Lakini kumlisha mgonjwa hukukabidhiwa na baraza. Uliagizwa na Kristo kabla baraza lenu halijakuwapo, kwa hiyo baraza haliwezi kulifuta agizo hilo.

Jambo ninaloliogopea zaidi liko moyoni mwako mwenyewe. Mtu akipingwa kwa sababu ya tendo jema, ni rahisi sana kuanza kuwadharau wanaompinga, na dharau hiyo huvaa nguo za ufuasi. Nasikia wahubiri wakimwita kila mzee asiyekubaliana nao Farisayo. Ni tusi jepesi, na mara nyingi linatoka kwa mtu ambaye hajawasoma Mafarisayo vizuri.

Mtazame Bwana katika Luka 13:10-17. Ni Sabato, sinagogi limejaa, na yuko mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18. Hakuomba kitu. Yesu anamwona, anamwita, anamponya. Mkuu wa sinagogi anakasirika, lakini hamkabili Yesu; anaugeukia umati na kuwaambia waje kuponywa siku nyingine sita. Yaani aliyeponywa ndiye anayekaripiwa, pamoja na wagonjwa wengine ambao labda walikuwa wakijipa moyo. Yesu hakunyamaza. Aliwaita wanafiki, akawakumbusha kwamba siku hiyo hiyo wao huwafungua ng'ombe na punda zao wakawanyweshe. Kumbe huruma haikatazi kusema ukweli mbele ya watu.

Ila Marko 3:5 inatuonyesha ndani ya hasira yake. Mafarisayo wanamvizia kama atamponya mwenye mkono uliopooza siku ya Sabato. Anawakazia macho kwa hasira, akihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Vyote viwili kwa pamoja. Mimi nikikasirika, huzuni huondoka kwanza. Yeye aliendelea kuwahuzunikia watu ambao, mstari unaofuata, wanatoka kwenda kupanga jinsi ya kumwangamiza. Tena Luka anatueleza mara tatu kwamba aliketi kula nyumbani kwa Mafarisayo (sura ya 7, 11 na 14), mara ya tatu ikiwa baada ya ugomvi ule wa mwanamke aliyepinda. Yakobo na Yohana walipotaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria kilichomkataa, waliokemewa ni wao wanafunzi (Luka 9:54-55). Na katika baraza lile lile la Wayahudi lililomhukumu Yesu walikuwamo Nikodemo na Yusufu wa Arimathaya, na hao ndio waliokuja kumzika. Kwa hiyo usiseme "wazee" kana kwamba ni mtu mmoja. Huenda yupo mmoja aliyekaa kimya kwenye kikao kile, ambaye hakulala vizuri usiku ule.

Mtafute huyo. Mwombe afuatane nawe siku moja kwa mgonjwa, akaone mwenyewe na kumsikia dada kwa kinywa chake. Kisha uliombe baraza kwa heshima likueleze ni hatua zipi anatakiwa apitie ili arudishwe kundini. Usiende kwa siri na usiende kwa kujionyesha. Wakikuuliza kama bado unakwenda, jibu ndiyo.

Kuhusu kuhama, sikushauri sasa. Kuondolewa darasani hakutoshi kuwa sababu, na dada yule atahitaji mtu wa kumsindikiza siku atakaporudi ibadani. Lakini wakikutenga nawe, hutakuwa wewe uliyeondoka. Yule kipofu wa Yohana 9 alifukuzwa kwa kuusema ukweli, na Yesu aliposikia alikwenda kumtafuta. Ikifika hapo, mwendee mchungaji mwingine aliye karibu, mweleze habari yote, pamoja na hoja za wazee wako jinsi walivyozisema wenyewe, bila kuzipunguza.