Pepa la takwimu linakaribia? Weka madesa pembeni kwanza, tuongee

Kila UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zikikaribia napata meseji za wadogo zangu walioko chuo na karibu zote zinafanana, "bro naomba fomula zote za kupima haipothesisi kwenye ukurasa mmoja". Sina roho mbaya jamani ila huo ukurasa siutoi. Nimeshakaa na watu wa biashara, wa kilimo, wa uuguzi, wa ualimu, na anayekamatwa sapu, yaani kurudia mtihani, mara nyingi fomula anazo kichwani zote, tatizo akisoma swali hajui linamuuliza nini, anachomeka namba kwenye fomula ya z, zikikataa anahamia ya t, zikikataa tena anaandika "tunakubali H0" anafunga pepa anaenda kula.

Mimi nnachoshauri ni kurevise kwa kushika swali moja tu, kwa sababu vipimo vyote vya mwaka wa kwanza vinauliza kitu kilekile: kama hakuna chochote kinachoendelea hapa, ni bahati tu, data za namna hii zingetokea kirahisi kiasi gani? Basi. H0 ndo hiyo "hakuna chochote", na thamani ya p ndo jibu la hilo swali.

Anza na chai ya Fisher kabla hujafungua jedwali lolote. Ronald Fisher alikuwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920, na hapo kulikuwa na mtafiti wa mwani, mama anaitwa Muriel Bristol, ambaye alisema akionja chai ya maziwa anajua kama kikombeni yalitangulia maziwa au ilitangulia chai. Baadaye kwenye kitabu chake cha 1935 Fisher akaeleza jaribio la dai kama hilo: vikombe 8, vinne maziwa kwanza, vinne chai kwanza, vinapangwa bila utaratibu wowote, muonjaji anaambiwa chagua vile vinne vya maziwa kwanza.

Sasa chukua kalamu. Kuchagua vikombe 4 kati ya 8 kuna njia 70, ni zile kombinesheni za sekondari. Kama anabahatisha tu, kupatia vyote vinne ni njia 1 kati ya 70, yaani kama 0.014, na hiyo 0.014 ndo p yenyewe, hakuna t, hakuna z, hakuna jedwali. Akipatia vitatu akakosa kimoja je? Njia za kupata hivyo ziko 16, jumlisha na ile moja ya kupatia vyote unapata 17 kati ya 70, asilimia 24, hapo hana hoja, hata mimi niliyezoea chai ya rangi na tangawizi ningeweza kuangukia hapo kwa kubahatisha. Halafu angalia tulivyojumlisha: p haihesabu tu matokeo uliyoyapata, inahesabu na yale yanayoipinga H0 kwa nguvu zaidi. Watu wanakariri hiyo sentensi miaka mitatu hawaielewi wakati vikombe vinakuonyesha kwa dakika tano.

Ukitaka kuona ukubwa wa sampo unavyofanya kazi punguza vikombe viwe 6, vitatu kwa vitatu. Njia zinakuwa 20, kwa hiyo hata akipatia vyote p ni 1 kati ya 20, 0.05 kamili. Yaani mama wa watu hajakosea hata kikombe kimoja na bado yuko palepale kwenye mstari wa 0.05, kile kiwango ambacho kwa kawaida p ikiwa chini yake ndo tunaikataa H0. Alikuwa hana jinsi ya kukushawishi zaidi ya hapo, na kosa si lake, ni la aliyepanga jaribio.

Chai ikikukaa ndo uje kwenye t. Hiyo t asili yake kiwanda cha bia, Guinness ya Dublin, William Gosset alikuwa anahangaika na sampo ndogo ndogo, akachapisha kazi yake 1908 kwa jina la "Student", ndo maana mpaka leo inaitwa t ya Student.

Tuseme pakiti za unga zimeandikwa kilo 2. Umepima 16, wastani umetoka 1.97, standadi devieshen 0.06. Hapa nataka uende polepole maana nusu ya kozi iko hapa. Ile 0.06 inakwambia pakiti moja moja zinapishana kiasi gani. Standadi era inakwambia kitu kingine, kwamba ukichukua pakiti nyingine 16, na nyingine 16 tena, wastani wenyewe ungeyumba kiasi gani, na unaipata kwa kugawa 0.06 kwa kipeuo cha pili cha 16, yaani 4, inakuja 0.015. Ukiongeza pakiti devieshen haina sababu ya kushuka, mashine ya kujazia ni ileile, inayoshuka ni era, na inashuka kwa uvivu sana, kuifanya nusu lazima sampo iwe mara nne. Ukiniuliza nini kinawaangusha watu kwenye pepa hili nitakwambia ni kuchanganya hizo mbili, mengine yote madogo.

Basi t ni nini? Umetoka mbali kiasi gani na dai, ukipima kwa hatua za standadi era. Upungufu ni 0.03, hatua moja ni 0.015, kwa hiyo uko hatua 2 chini. Jedwali la t kwa digrii za uhuru 15 (pakiti 16 toa moja), pande mbili (kuzidi na kupungua), 0.05, linasema 2.131. Hujafika. p yake ni kama 0.064.

Na hapa ndo watu wanachoma maksi walizozitafuta kwa jasho. Anaandika "H0 ni kweli, pakiti zina kilo 2". Nani kakwambia? Tengeneza intavali ya asilimia 95, yaani wastani kuanzia upi mpaka upi unaendana na data zako: 1.97 ongeza na toa 2.131 mara 0.015, unapata kuanzia 1.938 mpaka 2.002. Kilo 2 imo, imo kwa mbinde, lakini 1.95 nayo imo, 1.94 nayo imo. Data zako zinakubaliana na kiwanda mwaminifu na zinakubaliana vilevile na kiwanda kinachopunja gramu 60. Kwa hiyo unaandika hivi: "Kwa kiwango cha 0.05 hatuna ushahidi wa kutosha kusema wastani wa pakiti unatofautiana na kilo 2." Sentensi ndefu kidogo, ila hiyo ndo inayopewa maksi. Na usije ukaandika kuna asilimia 6.4 kwamba H0 ni kweli, p haisemi hivyo, imehesabiwa kwa kuchukulia H0 ni kweli tayari, chama cha wanatakwimu wa Marekani kilitoa tamko 2016 na hilo lilikuwemo, maana hata maprofesa wanateleza hapo.

Kuna mjanja atasema sawa, napima upande mmoja, p inakuwa 0.032, nakataa H0. Ukiwa mkaguzi wa vipimo unayejali upungufu tu na uliamua hivyo kabla ya kuwasha mizani, hewala. Ukiamua baada ya kuiona 0.064, hiyo ni kuhamisha goli mpira ukiwa hewani.

Sasa fanya pakiti ziwe 64, wastani uleule 1.97 na devieshen ileile. Era inashuka 0.0075, t inakuwa 4, p iko chini ya 0.001. Upungufu ni gramu 30 zilezile! Kwa mama anayesonga ugali nyumbani hazionekani, kwa kiwanda kinachojaza pakiti laki moja ni tani 3 za unga. p ndogo haikwambii lipi kati ya hayo ni la maana, hilo unaliamua wewe kwa kuangalia gramu.

Makosa mawili nayapitia haraka: la kwanza ni kumshitaki msaga unga asiye na hatia, la pili ni kumwachia anayepunja. Ile 0.05 inabana la kwanza tu. La pili linategemea umepima pakiti ngapi na amepunja kiasi gani, ndo maana sampo ndogo ni rafiki wa mpunjaji.

Mnaoandika risechi ya kumaliza chuo, nyie neno langu ni moja. Acheni kuingiza kila swali la dodoso kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, mnasubiri nyota ya p iliyo chini ya 0.05 itokee. Ukifanya vipimo 20 visivyotegemeana na kote H0 ni kweli, uwezekano wa kupata angalau kimoja chini ya 0.05 ni moja toa 0.95 kwa kipeo cha 20, inakuja kama asilimia 64. Yaani data zako zikiwa tupu kabisa bado una nafasi kubwa ya kupata "matokeo". Andika kwenye proposo swali lako kuu ni lipi na utalipima vipi, kabla hata hujachapisha dodoso, na supavaiza akikwambia "hebu jaribu na jinsia, jaribu na umri, kitu kitatoka tu", jaribu ndiyo, ila kwenye ripoti andika vyote ulivyojaribu na vile ambavyo havikutoa kitu.