Jibu: Kuchanganya thangka na sanaa ya kisasa
Ndugu, umeuliza kama mchoraji anaweza kuchanganya thangka, yaani michoro ya Kibuddha ya Watibeti inayochorwa juu ya kitambaa, na sanaa ya kisasa bila kuiharibu. Anaweza, ila inategemea anabakiza nini. Rangi za madini ndizo zinazovutia macho, lakini uti wa mgongo wa thangka ni mistari ya vipimo inayoamua uwiano wa uso, mabega na miguu ya Buddha kabla rangi haijapakwa. Mtazame msanii Gonkar Gyatso, mzaliwa wa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, aliyeishi London kwa miaka mingi: katika kazi zake kadhaa hulibakiza umbo la Buddha, kisha hulijaza stika na nembo za biashara, na utulivu wa umbo lile ndio unaozipa vurugu hizo maana. Tenzing Rigdol, msanii mwingine wa Kitibeti, naye hutumia vipande vya hariri ya zari, jambo lisilo geni sana kama linavyodhaniwa, kwa kuwa thangka za vitambaa vilivyoshonwa zilikuwepo tangu zamani. Kwa maoni yangu, kummwagia Buddha rangi ovyo hakutoshi kuitwa mchanganyiko. Anza kwa kujifunza vipimo.